Alhamisi za Chumba cha Plasta

Tulipomzika Sista Yunuke mwezi uliopita, msimamizi wa shughuli alinipa dakika mbili. Alinikabidhi kipaza sauti na kuninong'oneza, "Mama Kerubo, mbili tu, mvua inakuja." Na kweli mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika juu ya vilima vya Nyamira, na watu wa nyuma walikuwa wameanza kuvuta viti kuelekea hemani. Nikasema kwamba marehemu alikuwa muuguzi hodari, kwamba ndiye aliyenifundisha kazi, kwamba ameacha pengo. Watu wakaitikia amina, nikaketi. Kijana mmoja nyuma yangu akamwuliza mwenzake, "Huyo ni nani?" Mwenzake akajibu, "Walikuwa wakifanya kazi pamoja hospitalini, zamani." Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini lilinikaa rohoni njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu niliyotaka kuyasema yalihitaji zaidi ya dakika mbili. Nilitaka kuwaeleza juu ya mwaka mmoja tu, wa kwanza, na juu ya siku ambayo mwanamke yule waliyemjua kama bibi mkimya wa kanisani alisimama mbele ya wazee wanane na kuwaambia jambo ambalo hakuwahi kulisema hadharani.

Hospitali yetu ilikuwa ndogo, majengo manne ya mabati kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Nyamira. Mwaka niliofika ndio ule ambao, kabla haujaisha, Wahindi walifukuzwa Uganda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti kipya cha tiba ya viungo kutoka Nairobi, na nilitegemea kupewa chumba chenye vyuma vya mazoezi na vioo ukutani kama kile tulichofundishiwa. Nikapewa chumba cha plasta. Humo ndimo walimofungia mikono na miguu iliyovunjika, na magunia mawili ya unga wa plasta yalisimama pembeni yakivuja polepole, hata ukifagia mara tatu kwa siku, sakafu ilikuwa na vumbi jeupe kama ya kinu cha mahindi. Kulikuwa na meza ndefu, viti vinne visivyofanana, dirisha moja lililotazama migomba, na ukuta wa mbao nyembamba uliotutenga na baraza walipongojea wagonjwa. Ukuta huo haukuzuia neno lolote. Nilipouona mara ya kwanza nilikasirika. Baada ya mwezi nilikuwa nimegundua kwamba barazani, watu wanapodhani hawasikiki, ndipo wanaposema kinachowauma hasa.

Kila Alhamisi chumba hicho kiligeuka kuwa kitu kingine, na hiyo ilikuwa kazi ya Daktari Pandya. Alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akaenda kusomea udaktari ng'ambo, akarudi. Ekegusii chake, yaani lugha yetu, kilikuwa cha dukani: alijua kukaribisha, kubembeleza na kukataa. Huko ng'ambo alikuwa ameona kliniki ambamo mtu mwenye ugonjwa wa nadra wa mwendo, wa kutetemeka au kuyumba au kujinyonganyonga bila kutaka, hazungushwi mlango hadi mlango. Wahudumu wote huketi pamoja na kumtazama kwa wakati mmoja, kisha huzungumza. Alitaka kliniki kama hiyo hapa kwetu. Hakuwa na wataalamu, kwa hiyo alichukua aliowapata: Sista Yunuke, mkuu wa wodi, mwanamke mrefu wa miaka arobaini asiyecheka ovyo, mimi, na Mzee Mogaka, fundi seremala wa hospitali, aliyechonga magongo, vitanda na, ikibidi, majeneza. Wakubwa walimwuliza seremala anatafuta nini kwenye kliniki. Daktari akajibu, "Yeye ndiye anayejua mwili unavyokaa kwenye kiti."

Sharti lake lilikuwa moja. Mgonjwa akishatembea, akishaongea, akishanyoosha mikono, kila mmoja wetu aseme kitu kimoja alichokiona ambacho wenzake hawajakisema. "Kujua si lazima," alisema. "Kuona ni lazima." Mimi, mdogo wa wote, nilisema mwisho, na kufikia zamu yangu mambo yote rahisi yalikuwa yamekwisha kusemwa. Alhamisi za kwanza nilitoka jasho. Kisha nikaanza kutazama mahali ambapo wengine hawakutazama, kwenye vidole vya miguu, kwenye jinsi mtu anavyomeza mate, kwenye mkono ule ambao hautumiki. Alikuja mzee mchuma chai ambaye vidole vyake viwili vilizunguka daima kana kwamba vinaviringisha punje ya mtama. Alikuja mwanamke ambaye mabega yake yalicheza peke yake, lakini akilala usingizi yalitulia kabisa, nami nilikaa wiki nzima nikijiuliza usingizi unajua nini ambacho sisi hatujui. Alhamisi nyingine walikuja watatu, nyingine mmoja. Kliniki ikiisha tulipangusa meza ileile tukala. Yunuke alileta ugali wa wimbi na chinsaga, mboga ile chungu, aliyoilaza kwenye maziwa usiku kucha hadi uchungu ukawa mtamu. Mogaka alileta ndizi mbivu. Daktari alifungua mkebe wake wa ghorofa tatu wenye chapati nyembamba za manjano na achari ya ndimu, ambayo Mogaka aliila akitokwa na machozi na kuomba nyingine. Mimi nilileta mdomo. Wakati huo wa kula ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumekiona asubuhi.

Mwalimu Nyakundi alikuja mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwalimu wa darasa la saba katika shule moja karibu na Sironga, na aliingia akiwa ameshikwa mkono na mkewe, Moraa, koti lake limefungwa kifungo cha juu kwenye tundu la chini. Kabla hajaingia tulikuwa tumekwisha kusikia barazani mwanamke akimwuliza jirani yake, "Hata asubuhi hii?" na jirani akijibu, "Asubuhi, jioni, ni vilevile." Mwalimu naye alikuwa amesikia. Hakuketi alipoonyeshwa kiti.

"Sikuja kutibiwa," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. "Nimekuja kuandikiwa barua. Mimi sinywi pombe. Sijawahi kuonja. Andikeni hivyo, mpige muhuri, niende."

Moraa ndiye aliyeeleza. Kwa miaka kadhaa mume wake alikuwa akiyumba. Kwanza watoto shuleni walicheka, kisha wazazi wakalalamika, kisha akaanguka mbele ya mkaguzi wa shule. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita mara mbili. Mwisho wa mwezi wangekaa kikao cha kuliondoa jina lake, na shule ilikuwa ya kanisa. Mtu aliyeondolewa jina kwa ulevi hakuweza kubaki darasani, wala katika nyumba ya mwalimu.

Daktari alimwambia aguse pua yake kisha aguse kidole cha daktari. Kidole cha mwalimu kilisafiri vizuri hadi karibu, kisha kikaanza kuhangaika, kikagonga shavu. Akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Akamwambia asimame miguu pamoja. Moraa akaruka kumdaka. Kisha tukasema, mmoja mmoja, mwalimu akitusikiliza, kwa sababu hilo nalo lilikuwa sharti: hatukumsema mtu akiwa nje.

"Macho," alisema daktari. "Yakifuata kidole changu yanarukaruka."

"Nimeona vifungo," alisema Yunuke. "Nimeona mtu aliyevaa kwa haraka." Hakuongeza, lakini sote tulisikia alichokusudia.

Mogaka alikuwa ameinama akitazama sakafu. "Hii nyayo," alisema, akiuelekeza ugwe wake wa kupimia kwenye vumbi la plasta. "Tazameni. Mguu moja huku, ingine kule. Kama mtu mwenye mtaro katikati ya miguu yake, anaogopa kuingia."

Zamu yangu ikafika. Nikasema kwamba maneno yake hayatiririki. Kila silabi anaisukuma peke yake, na baadhi zinamtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka.

Daktari akaweka kiganja kisogoni mwake mwenyewe. "Huku nyuma kuna ubongo mdogo," alimwambia mwalimu. "Ndio unaopanga mwendo, mkono, ulimi, macho. Nadhani wako unachakaa kabla ya wakati. Lakini pombe nayo inapiga pahali hapo hapo. Ndiyo maana watu wanakosea, na ndiyo maana leo siwezi kukuandikia barua. Nikiandika nitakuwa nimekisia."

Mwalimu akageuka kwenda mlangoni, akashika fremu. Yunuke akasema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayepanga zamu za wauguzi, "Mlevi hulevuka. Alazwe kwangu siku kumi. Tutajua."

Sijui ilimgharimu nini mwalimu kukubali. Nimelifikiria sana jambo hilo sasa nikiwa mzee, nikiwa mimi ndiye ninayepimwa na vijana. Wakati ule nililiona kama jaribio tu, na lilinisisimua. Yunuke alipekua mkoba wa mwalimu, akanusa chupa ya uji aliyoleta Moraa, akapapasa chini ya mto. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimwambia, "Pumua," naye akampumulia usoni. Saa nne aliletwa kwangu. Nilikuwa nimeacha kulalamikia vumbi. Nililitandaza sawasawa toka mezani hadi dirishani, mwalimu akavua viatu akatembea juu yake, nami nikapima upana wa nyayo kwa ugwe wa Mogaka na kuuchora daftarini. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari alipita mlangoni akichungulia daftari langu kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Siku ya tano, nikiwa nafagia, niliwasikia barazani.

"Sista, unaninusa kama mbwa wa polisi," mwalimu alisema.

"Mume wangu pia alikuwa akiniambia hivyo."

Nikaacha kufagia.

"Aliniapia kwa Biblia," Yunuke aliendelea. "Pombe ilikuwa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nilimwamini miaka tisa, mwalimu, mpaka ikamwua. Sitaki tena kumwamini mtu. Nataka kujua."

"Basi jua," alisema mwalimu.

Mchana huo Yunuke alimwomba Moraa alete chochote mumewe alichowahi kuandika, cha miaka mingi iwezekanavyo. Kesho yake Moraa alikuja na kasha la bati. Ndani kulikuwa na madaftari ya maandalio ya masomo ya miaka sita, na chini kabisa barua zilizofungwa kwa utepe. Hizo alizishika kwanza kifuani. "Za uchumba," alisema. "Msizisome. Tazameni mwandiko tu." Tukazipanga zote kwenye meza ndefu kwa mfuatano wa miaka, barua upande wa dirishani, daftari la mwezi ule upande wa mlangoni. Mwandiko wa barua ulikuwa mwembamba na ulionyooka, wa kijana aliyetaka kusifiwa. Katikati ya meza herufi zilianza kunenepa. Mbele zaidi zilitoka nje ya mistari, na kwenye daftari la mwisho neno moja lilichukua nusu ya mstari. Yunuke alitembea toka upande mmoja hadi mwingine akipitisha kidole, kisha akarudi akaanza tena, pole pole, akitafuta kitu. Alitafuta ukurasa mmoja tu uliokuwa mzuri kuliko uliotangulia. Hakuupata. Alipofika mlangoni mara ya tatu alivua miwani.

"Mlevi ana Jumatatu mbaya na Jumatano nzuri," alisema. "Huyu hana Jumatano."

Siku ya kumi nyayo zilikuwa zilezile za siku ya kwanza. Daktari akaandika barua, akapiga muhuri, Moraa akaipeleka kwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ikarudi baada ya siku mbili na ujumbe wa mdomo: barua mtu yeyote anaweza kuandikiwa, kama wana hakika, waje waseme mbele yetu.

Tukaenda wote wanne, Jumapili mchana, kwa Land Rover ya hospitali, Mogaka amevaa tai ambayo nilikuwa sijaiona na sikuiona tena. Kikao kilikuwa ndani ya kanisa lenyewe, kule Sironga. Wazee wanane walikaa mbele, na kwenye mabenchi walijaa watu ambao hawakuwa wamealikwa. Daktari alipofika mlangoni alivua viatu. Kanisa zima likatazama soksi zake. Mwenyekiti, mzee wa heshima mwenye mvi, akasema, "Daktari, humu tunaingia navyo," na watu wakacheka, na kwa kicheko hicho hewa ikalegea kidogo. Mwalimu Nyakundi alikuwa benchi la kwanza na Moraa na watoto wao watatu. Alikuwa amefungwa vifungo sawasawa.

Daktari alieleza kwa dakika kumi, kiganja kisogoni. Wazee walisikiliza wakiwa wamefumbata mikono. Alipomaliza, mmoja wao akasema kwa upole, "Wewe ni mtoto wa hapa mjini, tunakujua, na tulimjua baba yako. Lakini walevi wa huku huwajui. Wana akili. Anaweza kukuficha hata mwezi."

Hapo Yunuke akasimama. Hakuwa ameombwa kusema. Alikuwa muumini wa kanisa lilelile, na wengi pale walimfahamu kama mjane wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa ini, hivyo ndivyo ilivyotangazwa.

"Wazee wangu," alisema, "mnanijua. Marehemu mume wangu mlimzika ninyi, mkasema alikuwa mtu mwema, nami nikanyamaza. Alikuwa mlevi. Miaka tisa nililala naye, nikamvua viatu, nikafua shuka zake. Harufu yake ninaijua, uongo wake ninaujua, asubuhi zake nazijua. Mwalimu huyu aliletwa kwangu nikiwa nimekwisha kumhukumu kabla hajaketi. Nikamlinda siku kumi kama mfungwa, nikitafuta kosa, na nilitaka nilipate. Sikulipata. Huyu ni mgonjwa. Mkiliondoa jina lake, basi mliondoe na la kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaficha mlevi."

Wazee wakainamiana, wakanong'ona. Nilimtazama Yunuke akiketi, mikono imelala magotini kama si yake, na nikaelewa kwamba alikuwa ametoa kitu ambacho hangerudishiwa. Kisha mwenyekiti akainua kichwa. "Jina la mwalimu libaki," akasema. "La Sista pia."

Ningependa kuandika kwamba tulishangilia. Lakini kabla hatujainuka, sauti ya mwanamke ilitoka nyuma, upande wa akina mama, kwa Ekegusii. "Na mzee wangu je?"

Alikuwa Bosibori, mama yake mwalimu. Alikuwa mdogo wa mwili, amejitanda shuka ya samawati, na alikuwa amesimama kwa kushika benchi la mbele yake. "Ombati wangu alitembea hivihivi," alisema. "Mkamwondoa. Alipokufa mlikataa kuja. Tulimzika bila wimbo, mimi na watoto na majirani wawili. Sasa nauliza."

Nilikumbuka Alhamisi ile ya kwanza. Daktari alikuwa amemwuliza mwalimu kama kuna mtu nyumbani kwao aliyekuwa na mwendo kama wake, na alikuwa amejibu haraka, hakuna. Hakuwa amedanganya. Alikuwa akiamini, kama kila mtu, kwamba baba yake alikuwa mlevi.

Daktari alienda hadi nyuma, akachuchumaa mbele ya yule mama, akamwuliza kwa Ekegusii chake cha dukani, na pale maneno yalipomwishia Yunuke akamsaidia. Ilianza lini? Alipokuwa na umri kama wa huyu. Sauti ilibadilika? Ilibadilika, watoto wakawa hawamwelewi. Aliweza kushika kikombe? Mwishoni alimwaga chote, akawa ananyweshwa. Kuna siku alikuwa mzima? Hakuna. Alikunywa pombe?

"Watu walisema," Bosibori alijibu. "Mimi sikumwona hata siku moja. Lakini walisema sana, mpaka nami nikaamini. Nikawa namwambia, acha. Kila siku, acha, acha. Alikuwa akilia. Ananiambia, 'Niache nini?'"

"Mama," daktari alisema, "siwezi kuapa. Sikumwona. Lakini kwa haya unayoniambia, haikuwa pombe. Ulikuwa ugonjwa huuhuu."

Watu wote walimgeukia Bosibori. Mimi, kwa mazoea ya kutafuta kile ambacho wengine hawajakitazama, nilimtazama mwalimu. Alifundisha sayansi darasa la saba. Alikuwa ameelewa kabla ya mtu mwingine yeyote mle ndani. Hakumtazama mama yake. Aliwatazama watoto wake watatu kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anawahesabu.

Alhamisi iliyofuata alikuja bila kuitwa. Alikaa kwenye kiti safari hii. "Niambieni juu ya wanangu," alisema.

"Kila mmoja wao," daktari alisema, "ni kama kurusha sarafu."

"Mnaweza kujua ni yupi?"

"Hapana."

"Na dawa?"

"Hakuna, mwalimu."

Akatutazama kwa zamu, daktari, Yunuke, Mogaka, mimi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mwalimu anavyomwuliza mwanafunzi ambaye anamtakia mema. "Basi ninyi wanne mnakaa hapa kila Alhamisi mkifanya nini?"

Mzee Mogaka ndiye aliyejibu, ugwe wake ukiwa tayari mkononi.

"Mwalimu," alisema, "ubao yako ya darasani iko juu kiasi gani kutoka chini?"

Hilo ndilo jibu ambalo nimeishi nalo. Mogaka alienda Sironga akafunga ubao mrefu wa kushikia chini ya ubao wa kuandikia, ili mwalimu atembee kando yake bila kuanguka, na akamtengenezea kiti chenye mikono mipana. Mimi nilimfundisha kugeuka kwa hatua nyingi ndogo badala ya moja kubwa, na kushusha pumzi kabla ya neno. Yunuke alimfundisha Moraa kupika uji mzito usiomkaba, na kumwinamisha kidevu anapomeza. Daktari aliandika barua kwa mwalimu mkuu kwamba mwandiko mbovu si ujinga, na wanafunzi wawili wakapewa zamu ya kuandika ubaoni huku mwalimu akisema. Alifundisha miaka sita zaidi. Aliishi kumi na miwili. Daktari hakuyaona yote hayo. Mwezi wa kumi jamaa zake kutoka Kampala walijaa nyumbani kwao Kisii, wakilala kati ya majora ya vitambaa, na mwaka uliofuata mama yake akasema hataki kungoja zamu ya Kenya kuwafukuza. Wakaenda ng'ambo wote. Kliniki ikabaki kwa Yunuke, na baadaye kwangu. Kati ya watoto wale watatu, ni wa pili, Kwamboka, aliyeanza kuyumba alipofika miaka thelathini na minne. Alikuja moja kwa moja kwetu. Nilikuwa na kidogo sana cha kumpa, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwita mlevi.

Jambo la mwisho ni la Alhamisi ya mwisho ya mwaka ule. Tulikuwa tumemaliza, chakula kiko mezani, Bosibori akabisha hodi. Hakuwa mgonjwa. Alisema amesikia kwamba kila mtu wa ugonjwa huu ana kadi yake humu ndani, na anataka kadi ya mumewe. Karani wa mapokezi alikuwa amemkatalia, hospitali haiandikishi maiti. Nilimtazama daktari, daktari akamtazama Yunuke. Yunuke akasogeza sahani, akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi mpya. "Kerubo, mwandiko wako ndio mzuri," akaniambia.

Nikaandika. Jina, Ombati. Kijiji, nikaandika. Kazi: mkulima. Umri, tulikisia pamoja, akikumbuka njaa na nzige. Anachougua: kuyumba, ulimi mzito, mikono kutomtii, kuanzia alipokuwa wa makamo hadi kufa. Maneno yaliyochapwa kwenye kadi yalikuwa yote ya mtu aliye hai, anakula nini, analala wapi, nami sikujua kuyabadilisha. Bosibori alijibu kila moja kwa makini, ameketi wima kwenye kiti cha wagonjwa. Karibu na chini palikuwa na mstari mmoja, pombe, na nafasi ya kuandika anakunywa kiasi gani kwa siku. Nikainua kalamu. Nikajaza, nikakausha wino.

"Umeandika nini hapo?" akauliza.

Nikamsomea, kwa lugha yetu, ili asikose hata herufi. "Hanywi."

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.